Njozi na Ndoto za Alinacha: Mfano wa Mto Tana

Aghalabu wanafunzi wetu hutumia njozi, ukigeugeu na ndoto za Alinacha kana kwamba ni visawe. Makala hii inadai kuwa sivyo. Ukigeugeu ni tabia ya asiyetulia juu ya rai moja, hata kama hana ubunifu wowote. Njozi humjia mtu bila kuitafuta, wala haina aibu. Anayehitaji maelezo ni Alinacha.

Katika Alfu Lela U Lela, Alinacha ameketi na vyombo vyake vya kioo, akikokotoa faida hadi amemwoa binti wa waziri. Anamrushia teke mke huyo wa mawazoni, na vyombo vinavunjika. Tuzingatie kosa liko wapi. Hesabu yake ya biashara si ya kipumbavu. Wengi wametajirika kwa mtaji kama wake. Kosa ni kuvisahau vioo vilivyo miguuni.

Mwaka 1890 Theodor Hertzka, mwanauchumi wa Vienna, alichapisha riwaya yake, Freiland, kuhusu nchi ya usawa inayoasisiwa na Wazungu karibu na Mlima Kenya. Baadhi ya wasomaji waliigeuza riwaya kuwa ramani. Mwaka 1894 kundi lao lilishuka Lamu, likinuia kuufuata Mto Tana, kupitia nyanda za Garsen, hadi mlimani. Msafara ulisambaratika mwaka huohuo kabla ya kufika. Fikra ya usawa haikuwa upuuzi hata kidogo. Lakini Tana ni mto wa kujipinda, kufurika na hata kuhama mkondo, na huko mlimani nchi ilikuwa na wenyewe. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vioo vyao. (Wanaodhani Alinacha ni kejeli ya maskini peke yao wasisahau kuwa anaweza pia kuja kwa meli.)

Je, mradi wa mpunga wa TARDA karibu na Garsen, ulioharibiwa na mafuriko ya El Niño ya 1997–1998, nao tuuite ndoto ya Alinacha? Nasita. Matuta ya kuzuia maji yalijengwa. Vioo vilionekana, ila vilikadiriwa vibaya. Hilo ni kosa la makadirio, nalo lina majina yake. Mkulima wa Kipokomo apandaye kwa kufuata kujaa na kupwa kwa mto naye hukisia, na mwaka mwingine hupoteza mazao yote. Kumwita Alinacha ni kulipotosha neno, kwa kuwa yeye huanza hesabu yake kwenye maji.