Injini ya Bajaji Inapochemka: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua Spea

Kwa wakazi wa Kata ya Mabawa bajaji ni usafiri wa kila siku, na kwa vijana wengi ndiyo ajira. Baadhi ya vyombo hivi hununuliwa na vikundi kwa mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Injini ikiungua chombo husimama, lakini marejesho hayasimami.

Petroli inapowaka ndani ya silinda, joto huzidi nyuzi 2,000 za selisiasi, ilhali aluminiamu inayotengenezewa pistoni huyeyuka kwa nyuzi 660. Pistoni husalimika kwa kuwa joto hilo huondolewa mfululizo. Bajaji nyingi hupozwa na feni inayopuliza hewa kati ya mapezi ya silinda. Nyingine hupozwa kwa maji yanayozunguka hadi kwenye rejeta. Oili nayo hubeba sehemu ya joto na kupunguza msuguano. Hivyo, injini inayochemka ama inazalisha joto kupita kiasi, ama njia ya kulitoa imeziba.

Dalili zake ni nguvu kupungua, mlio wa kugonga na harufu ya kuungua. Dereva azionapo, ashushe abiria mahali salama, azime injini na kuiacha ipoe. Asiimwagie maji ya baridi, kwani chuma cha moto kikipozwa ghafla huweza kupasuka. Asifungue kifuniko cha rejeta ingali ya moto. Maji yaliyo chini ya shinikizo huruka na kumbabua.

Injini ikishapoa, ukaguzi uanzie kwenye mambo yasiyo na gharama:

1. Oili. Kiwango kikaguliwe. Ikipungua, iongezwe ya aina iliyoelekezwa na mtengenezaji. Muda wake ukipita, ibadilishwe.

2. Njia ya upepo au maji. Vumbi likichanganyika na oili inayovuja huganda kati ya mapezi. Lisuguliwe kwa brashi. Kwa injini ya maji, vikaguliwe kiwango cha maji, mipira yake na feni ya rejeta.

3. Breki na klachi. Chombo kikisukumwa bila gia, magurudumu yazunguke kwa wepesi. Breki inayong'ang'ania au klachi inayoteleza huitesa injini.

4. Kabureta na plagi. Petroli ikiwa pungufu kuliko hewa, joto huongezeka na ncha ya plagi huwa nyeupe. Marekebisho haya aachiwe fundi.

Mzigo nao uangaliwe. Bajaji iliyotengenezwa kubeba dereva na abiria 3 ikipakiwa 5 katika joto la kaskazi, inaweza kuchemka hata kama kila kifaa ni kizima.

Oili chafu isimwagwe mtaroni, kwani mvua huipeleka baharini; ihifadhiwe katika dumu lenye kifuniko na kukabidhiwa gereji inayoikusanya. Kila kikundi kiwe na daftari la tarehe na kilomita za kila ubadilishaji wa oili. Litamwonyesha fundi pa kuanzia, na litawaonyesha wanakikundi kwamba bei ya oili ni ndogo kuliko bei ya pistoni na silinda.