Kamusi katika simu: teknolojia za wavuti au msimbo asilia?

Wanafunzi wa lugha wanapotaka kuweka kamusi au mkusanyo wa methali katika simu, huuliza kwanza: nani atatuandikia programu? Kwa maoni yangu, kuna swali linalotangulia: iandikwe kwa njia gani? Jibu lake huamua ni simu za nani zitakazoifungua, na nani ataweza kuitunza baada yetu.

Njia ya kwanza ni msimbo asilia. Kila mfumo wa simu una lugha zake: Android hutumia Kotlin au Java, iPhone hutumia Swift au Objective-C. Programu ya namna hii huongea na simu bila mkalimani. Ni nyepesi, na hutumia kamera na maikrofoni bila tabu. Lakini anayetaka kufikia mifumo yote miwili huandika kazi ileile mara mbili.

Njia ya pili ni teknolojia za wavuti: HTML kwa maandishi, CSS kwa sura, JavaScript kwa matendo. Kurasa hizo hufungwa ndani ya programu yenye kivinjari kilichofichwa, na chombo kama Apache Cordova huziunganisha na vifaa vya simu. Msimbo mmoja hutumika pande zote. Naifananisha njia hii na Kiswahili kati ya Lubumbashi, Bukavu na Kisangani: hufika mbali bila kudai tafsiri kwa kila kabila, ingawa si kila jambo husemwa kwa wepesi wa lugha ya mama.

Wanaoikataa njia ya wavuti hupenda kutaja Facebook. Programu yake ya iPhone, iliyotegemea sana HTML5, ililalamikiwa kwa uzito. Agosti 2012 iliandikwa upya kwa msimbo asilia, na mwezi uliofuata Mark Zuckerberg alikiri hadharani kwamba kuitegemea mno HTML5 lilikuwa kosa kubwa. Hata hivyo, kisa hicho hakihukumu kila programu. Facebook hupakia picha na habari mpya bila kikomo. Kamusi hutafuta neno na kuonyesha mistari michache.

Tuchukue mfano. Mtumiaji anaandika “hawakutusomea”. Neno hilo haliko katika kamusi. Programu lazima iondoe ha-, wa-, -ku- na -tu-, itambue kiambishi cha kutendea -e-, ndipo ifike kwenye “soma”. Kanuni hizo ndizo mchango wetu sisi wa lugha. Zikiwa katika JavaScript, huandikwa na kusahihishwa mahali pamoja. Zikiandikwa katika Kotlin, kisha tena katika Swift, matoleo mawili huweza kuachana, na neno moja likapata majibu mawili.

Utafiti wa nyanjani ni jambo jingine. Kurekodi simulizi ya mzee kwa saa nzima, kioo kikiwa kimezimwa, kunahitaji programu inayoendelea kufanya kazi nyuma. Ukurasa wa wavuti huweza kusimamishwa na simu ili kulinda betri. Hapo ningechagua msimbo asilia.

Kwa kamusi, basi, nachagua wavuti, kwa masharti matatu. Kwanza, maneno yote yawe ndani ya programu, ili anayetafuta neno asilazimike kununua mega. Pili, ijaribiwe kwenye simu ya zamani ya bei nafuu: kabla ya Android 5.0 ya mwaka 2014, kivinjari cha ndani hakikuweza kusasishwa peke yake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, maneno yahifadhiwe katika faili za maandishi ya kawaida, mbali na msimbo. Vyombo hufa. PhoneGap, kilichopendwa sana na waandishi wa programu za wavuti, kilisitishwa na Adobe mwaka 2020. Maneno yaliyofungwa ndani ya chombo huhatarisha kufa nacho; yaliyo katika faili safi yatahamia chombo kingine, kiwe cha wavuti au asilia.