Nafasi ya Ubunifu katika Siku Yenye Kazi Nyingi
Muuguzi wa zamu wilayani Gairo, sawa na mkulima anayerejea jioni kutoka shambani, aweza kudhani kuwa kusuka mkeka au kutunga shairi ni anasa. Sivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapima watu wazima 39. Baada ya dakika 45 za kazi ya sanaa, kotisoli, homoni ya msongo, ilipungua kwa takribani robo tatu yao. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini ujuzi wa sanaa haukuwa sharti.

Inafaa kutenga dakika 15, mara mbili kwa wiki, vifaa vikiwa karibu na simu ikiwa mbali. Huzuni ikizidi wiki mbili, mhusika aende kituo cha afya. Ubunifu hauchukui nafasi ya tiba.