Kuchagua Koili na Kapasita za Kidhibiti Volti

Ndugu zangu, hasa mlio mwaka wa mwisho wa uhandisi wa umeme, leo tutazame sehemu ndogo iliyokaribia kuniangushia mradi wangu.

Nilikuwa natengeneza kidhibiti cha kushusha volti 12 za betri ya sola ziwe volti 5, za kuendeshea kompyuta ndogo inayokula ampea 2. Nilitumia LM2596, ambayo huwasha na kuzima swichi yake mara 150,000 kwa sekunde. Kwenye swichi hiyo zinatoka volti 12 na sifuri zikipokezana. Koili na kapasita ndizo zinazozilainisha. Mimi niliziokota tu kwenye sanduku la vifaa vya zamani. Kompyuta ikawa inajizima kila ikipewa kazi nzito.

Tuanze na koili. Mkondo wake hupanda swichi ikiwaka, hushuka ikizimwa. Kwa kawaida tunaruhusu upande kwa asilimia 30 hivi ya mkondo wa mzigo, yaani hapa ampea 0.6. Chukua volti inayoingia, toa inayotoka, zidisha kwa sehemu ya muda ambao swichi imewaka, kisha gawa:

(12 − 5) × 0.417 ÷ (150,000 × 0.6)

Unapata kama mikrohenri 32. Lakini betri ikichajiwa hufika volti 14.4, na hapo jibu ni 36. Piga hesabu kwa volti ya juu kabisa, si ile iliyoandikwa kwenye betri! Nilichukua 47, na mpando ukawa ampea 0.46.

Kilele cha mkondo basi ni ampea 2.23. Koili yangu ya kwanza ilikuwa na kiini kidogo. Kiini kikishashiba usumaku, koili haizuii tena. Mkondo unaruka na kila kitu kinachemka. Siku hizi sichukui isiyostahimili ampea 3.

Kwenye kapasita ndiko nilikodanganyika zaidi. Nilidhani kubwa ndiyo bora, nikafunga ya mikrofaradi 1,000 niliyoing'oa kwenye redio mbovu. Volti ziliendelea kutikisika vilevile. Kumbe kwa hesabu, hata mikrofaradi 220 zingebakisha mtikisiko usiofika milivolti 2, kama kapasita isingekuwa na ukinzani wa ndani. Huo ukiwa omu 0.25, zidisha kwa 0.46: milivolti 115. Ukiwa omu 0.05, ni 23 tu. Kapasita kuukuu hukauka na ukinzani wake hupanda, hata kama mikrofaradi zilizoandikwa ubavuni ni zilezile.

Usikimbilie pia kufunga za kauri peke yake kwa kuwa ukinzani wake unakaribia sifuri. LM2596 inahitaji ukinzani kidogo hapo ili mzunguko wake wa kujirekebisha utulie. Ukikosekana, volti za kutoka zinaweza kuyumba zenyewe.

Nilinunua ya mikrofaradi 220, mpya, ya ukinzani mdogo. Kompyuta haikujizima tena.