Somo la Wiki: Mtaa Upi Usaidiwe Kwanza?



Wiki hii tuna maneno matatu: kigezo (wingi wake vigezo), alama na uzito. Tutayatumia kwa jambo tunalolijua sote hapa South End ya Louisville: joto la Julai.

Lami na mapaa hunyonya jua mchana kutwa, kisha hutoa joto usiku. Ndiyo maana ukiingia Iroquois Park unapata nafuu, ukirudi kwenye majengo unaikosa. Mwaka 2016 Brian Stone na wenzake wa Georgia Tech waliliandalia jiji letu utafiti kuhusu joto hili, wakapendekeza miti zaidi na mapaa yanayorudisha mwanga wa jua. Vizuri. Lakini mitaa yote haiwezi kuhudumiwa siku moja. Tuanze wapi?

Hapo tunahitaji vigezo, yaani vitu vya kupimia. Tubuni mitaa miwili, A na B, na vigezo vitatu: ukosefu wa miti, ukosefu wa kiyoyozi, na wazee wanaoishi peke yao. Kila kigezo kina alama 0 hadi 10. Alama kubwa ni hatari kubwa. Mtaa A umepata 9, 4 na 3. Mtaa B umepata 3, 6 na 6. Jumlisheni: A ina 16, B ina 15. A itangulie.

Ngojeni kwanza. Mimi ni muuguzi. Miti naipenda, lakini ninayemwogopea zaidi ni bibi wa miaka 80 aliye peke yake, amefunga madirisha kwa kuogopa wezi, hana wa kumwambia anywe maji. Mwili wa mzee huchelewa kuhisi kiu. Kwa hiyo miti naipa uzito 1, kiyoyozi 3, na wazee 3. Zidisheni, kisha jumlisheni: A inapata 9 + 12 + 9 = 30; B inapata 3 + 18 + 18 = 39. Alama hazikubadilika hata moja, lakini sasa B ndiyo ya kwanza!

Uzito huo unatoka wapi? Katika miaka ya 1970 Thomas Saaty, mzaliwa wa Mosul nchini Iraki aliyefundisha baadaye Chuo Kikuu cha Pittsburgh, alitunga njia ya kulinganisha vigezo viwili viwili: 1 maana yake viko sawa, 9 maana yake kimoja kinakizidi kingine mno. Kisha hesabu hukagua kama umejipinga. Ukisema wazee wanazidi kiyoyozi, na kiyoyozi kinazidi miti, huwezi tena kusema miti inazidi wazee.

CDC, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, ina kipimo chake cha walio hatarini wakati wa maafa ya kila aina. Kina vigezo 16, vyote kwa uzito sawa. Kimojawapo ni kutojua Kiingereza vizuri. Watoto mnaowatafsiria nyanya zenu hospitalini mnaelewa kwa nini. Kiyoyozi na miti havimo.

Kazi ya nyumbani: waulizeni wazee wenu, kwa Kiswahili, kati ya miti na kiyoyozi kipi muhimu zaidi, na kwa mara ngapi. Kisha kiyoyozi na jirani wa kuwajulia hali. Kisha jirani na miti. Andikeni watakavyojibu, msiwasahihishe. Jumamosi ijayo tutapiga hesabu pamoja. Njooni na penseli.