KUFANYA WANAFUNZI NI KAZI YA KILA MWAMINI

Maandiko: Mathayo 28:18-20, Matendo 8:1-4, 11:19-26, 18:1-3, 24-26

Mwezi huu tunajifunza juu ya kazi ambayo wengi huwaachia wachungaji na wainjilisti, yaani kumlea mtu mpaka awe mwanafunzi wa Kristo.

Fungueni Matendo 8. Stefano alipouawa, mateso makubwa yalilipata kanisa la Yerusalemu, na waamini wakatawanyika katika Uyahudi na Samaria. Angalieni vizuri mstari wa 1: mitume walibaki mjini. Waliokimbia ni waamini wa kawaida, na ndio waliolipeleka neno kila walipofika. Filipo, aliyehubiri Samaria, alikuwa mmoja wa wale saba waliochaguliwa katika sura ya 6 kusimamia chakula cha kila siku cha wajane. Kwa lugha yetu ya kambini, alikuwa msimamizi wa mgao.

Wengine walifika mbali zaidi, hata Antiokia. Huko watu wa Kipro na Kirene walianza kusema na Wayunani pia, na wengi wakaamini. Luka hataji jina la hata mmoja wao. Barnaba alikuja baadaye, akamtafuta Sauli huko Tarso, nao wakafundisha mwaka mzima. Walimu walikuta kanisa limekwisha kuzaliwa. Ndipo hapo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, na ni kanisa hilo lililowatuma Barnaba na Sauli kwa mataifa.

Sasa, wapo wanaosema, "Mimi sikusoma." Sisi tuliopita chuo cha Biblia tunasema wazi: chuo hakikutupa amri ambayo ninyi hamkupewa. Katika Kiyunani cha Mathayo 28:19-20 agizo kuu ni moja tu, kufanya wanafunzi. Kwenda, kubatiza na kufundisha ni maneno yanayolifuata agizo hilo na kueleza jinsi linavyotimizwa.

Labda neno "mwanafunzi" ndilo linalotusumbua, maana tunawaza darasa, ubao na daftari. Tumtazame fundi cherehani pale sokoni na kijana anayejifunza kwake. Kijana hapewi kitambaa cha mteja siku ya kwanza. Anafagia, anapiga pasi, anakata karatasi za mifuko ya saruji, anaangalia mikono ya fundi. Akikosea mshono, fundi anaufumua mbele yake na kumwonyesha tena. Siku moja anashona suruali peke yake, na baadaye yeye naye anapokea kijana mwingine. Hivyo ndivyo Yesu alivyokaa na wale Kumi na Wawili, na hivyo ndivyo Paulo anavyomwagiza Timotheo katika 2 Timotheo 2:2: Paulo kwa Timotheo, Timotheo kwa watu waaminifu, na hao kwa wengine tena.

Wengine wanasema, "Tungoje kwanza tupate pa kukaa." Jibu hili tunalielewa, maana kungoja tunakujua. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na watoto waliozaliwa hapa miaka ile wamekwisha kuzaa watoto wao. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, zilikuwepo familia zilizokuwa zimemaliza usaili na vipimo vya afya. Hatuwalaumu waliolia. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka saba wakati baba yake anaanza kungoja safari sasa ni kijana, na katika miaka hiyo yote ni nani aliyemfundisha kuomba?

Hapa tuwakumbuke Akila na mkewe Prisila. Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi wote watoke Rumi, karibu na mwaka 49, nao wakajikuta Korintho wakishona mahema. (Sisi tuliokaa chini ya turubai tunajua thamani ya mshono mzuri!) Walimkaribisha Paulo nyumbani na kazini. Kisha wakahamia Efeso, wakamsikia Apolo, mtu hodari wa Maandiko, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Hawakumpinga mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Msomi alifundishwa na mafundi wa mahema, mwanamke akiwa mmoja wao.

Kwa hiyo hatuwaombi mfungue chuo. Kila mmoja achague mtu mmoja: mtoto wake, jirani aliyewasili juzi, au dada mnayekutana naye bombani kila asubuhi. Mkutane mara moja kwa juma. Asiyejua kusoma asimulie habari anayoijua kwa moyo, kwa Kibembe, Kifuliiru au Kirundi kama ndiyo lugha yao. Someni Marko, sura moja kila mara, na muulizane neno gani la kutii juma hili. Mkikutana tena, muulizane kama mlilitii. Swali hili la pili ndilo watu hulikwepa.

Katika ibada za nyumbani juma hili, kila familia isome Matendo 18:1-3 na 24-26 na kujibu: Ni nani alitufundisha sisi kumfuata Yesu, na alifanyaje? Ni nani anayejifunza kwetu sasa? Jumapili mleteni kwa mzee wa kanisa jina la mtu mmoja mliyemchagua, tuanze kumwombea.

Mbarikiwe.