Fenilalanini zenye vikundi tofauti: anza na serini

Swali: Nahitaji fenilalanini zenye vikundi mbalimbali kwenye pete, zote za umbo la L. Njia ya Erlenmeyer inanipa L na D nusu kwa nusu. Nifanyeje?

Jibu: Kutenganisha L na D kutakuchosha bure. Anza na serini ya L, ambayo tayari ina umbo unalolitaka. Kikundi cha amino kikinge kwa Boc na asidi kwa esta ya methili, kisha haidroksili ibadilishe iwe iodini.

Sasa zinki. Tia unga wake kwenye DMF kavu, chini ya nitrojeni, pamoja na chembe ya iodini. Rangi ya kahawia ikipotea, zinki imeamka. Ongeza iodoalanini yako. Mchanganyiko hupata joto wenyewe, nawe usiendelee kabla ya hapo. Kisha weka paladiamu, ligandi ya SPhos na iodidi ya arili. Joto la chumba kwa kawaida latosha. Ukitaka kikundi kingine, badilisha iodidi tu. Hapo ndipo uzuri wa njia hii ulipo.

Maji yakiingia utavuna alanini. Mwishoni Boc huondolewa kwa asidi, esta kwa haidroksidi ya lithi, kwenye barafu na kwa muda mfupi, maana besi ikikawia huharibu umbo la L.